Kwa Nini Homa Imwangushe Mtoto na Kumwacha Mama?

Akina mama wenzetu, nyumba ni moja na mbu ni wale wale. Asubuhi baba na mama wanakwenda shambani, lakini mtoto wa mwaka mmoja anachemka homa na viganja vyake vimekuwa vyeupe. Wengi wetu tumejiuliza sababu. Imo ndani ya damu.

Mbu jike aina ya Anofelesi anapouma huacha vimelea, navyo hukimbilia ini. Hukaa humo kama juma moja vikizaana, na mtoto anacheza kama kawaida. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia katika damu. Huko kimelea hakiwezi kukaa nje kwa muda mrefu. Lazima kipate chembe nyekundu, tena upesi. Huigusa, hujigeuza mpaka ncha yake ielekee ukuta wa chembe, huung'ang'ania, kisha hujisukuma ndani. Kazi yote huchukua dakika moja au mbili tu. Mle ndani hula hemoglobini, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kumwaga vimelea vipya zaidi ya kumi. Kupasuka huko ndiko kunakoleta homa na kutetemeka. Chembe zikivunjika nyingi, damu hupungua, na viganja hupauka.

Mtu mzima aliyeugua mara nyingi tangu utotoni ana kingamwili katika damu yake. Baadhi yake hunata juu ya kimelea, hasa pale kinaposhikia chembe, kikawa kama ufunguo uliojaa nta: mlango upo, lakini haufunguki. Mwaka 1961, huko Gambia, madaktari walichukua kingamwili za watu wazima wa nchi hiyo wakawadunga watoto wagonjwa. Vimelea katika damu ya watoto wale vilipungua sana. Sisi akina mama tunafanya jambo kama hilo bila sindano, maana kingamwili zetu humpitia mtoto tumboni kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana kichanga huwa na nafuu miezi ya kwanza. Akiba hiyo ikiisha, yuko hatarini.

Lakini kinga ya mama nayo ina mwanya. Katika mimba ya kwanza vimelea hujificha kwenye kondo kwa namna ambayo mwili haujapata kuiona, hata kama dada huyo hajaugua kwa miaka. Dawa za SP zinazotolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, ni kwa ajili hiyo. Asizikatae kwa kuwa hasikii homa.

Mwaka 2011 wataalamu waligundua kwamba kimelea kikali kuliko vyote, falsiparamu, hakiingii katika chembe pasipo kushika sehemu yake iitwayo basijini, kwa kutumia protini ya RH5. Chanjo ya kuizuia protini hiyo imejaribiwa Burkina Faso na hapa kwetu Bagamoyo, na huko Bagamoyo watoto wachanga walitoa kingamwili zenye nguvu kuliko watu wazima. Bado ni majaribio. Chanjo zilizokwisha kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, hukamata vimelea mapema, kabla havijaingia ini. Vichache vikiponyoka, vitafika kwenye damu. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa bado alale ndani ya chandarua, na akichemka apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.