Nani Huchora Mipaka ya Jimbo Lako?

Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ni moja, lakini ndani yake yamo majimbo mawili ya uchaguzi: Kilosa na Mikumi. Mkazi wa Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hufuata huduma za halmashauri Kilosa mjini, ilhali mbunge wake ni tofauti na wa huko. Mstari huo una maana kwa mtumiaji wa huduma, kwa kuwa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo hugawanywa kwa majimbo, na kamati yake huongozwa na mbunge.

Kwa mujibu wa Ibara ya 75 ya Katiba, majimbo hugawanywa na Tume ya Uchaguzi baada ya kupata kibali cha Rais, na Tume hupitia mipaka hiyo angalau kila baada ya miaka kumi. Mipaka ya wilaya na kata huwekwa kwa taratibu nyingine. Wengi huyachanganya mambo haya. Gairo ilipomegwa kutoka Kilosa kuwa wilaya mwaka 2012, jimbo la Gairo lilikuwapo tayari.

Katika mapitio ya mwaka 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipokea maombi kuanzia tarehe 27 Februari hadi 26 Machi, yaani mwezi mmoja tu. Kigezo kikuu kilikuwa idadi ya watu: 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Hata uwezo wa ukumbi wa Bunge ulizingatiwa, jambo linalowashangaza wengi, nasi hatuwalaumu. Yaliongezwa majimbo manane, yakiwamo Kivule na Chamazi jijini Dar es Salaam, na jumla ikafika 272. Kilosa haikupata jimbo jipya. Wilaya ina watu zaidi kidogo ya laki sita. Wakigawanywa kwa majimbo mawili, kila moja hubaki na wastani wa laki tatu na ushei.

Hata hivyo, Katiba inaitaka Tume izingatie pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Kwa maoni yetu, hapo ndipo wananchi wa vijijini wana hoja nzito zaidi kuliko hesabu ya vichwa: kata ambayo mafuriko ya Mto Mkondoa huikatia barabara haiko karibu na mbunge wake, hata kama ramani inaonyesha hivyo.

Hoja hiyo sharti itolewe mapema. Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake, hivyo atakayesubiri uamuzi ndipo alalamike atakuwa amechelewa. Anza kwa diwani wako, ili pendekezo lijadiliwe katika Baraza la Madiwani, kisha katika kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ndipo lifike kwa Tume. Ambatisha idadi ya watu wa kila kata kwa Sensa ya 2022, umbali, nauli, na miezi ambayo barabara haipitiki.

Mpaka wa jimbo ukibadilika, hati yako ya ardhi na akaunti yako ya maji hubaki vilevile. Mabadiliko yenyewe huanza kutumika Bunge linapovunjwa kwa ajili ya uchaguzi unaofuata. Hadi siku hiyo, malalamiko yako yapeleke kwa mbunge yuleyule.