Msafara Huenda kwa Mwendo wa Bibi

Kila mwaka, masika yanapokoma na vumbi likaanza kutua juu ya majani ya migomba, sisi wakazi wa Nangara, mjini Babati, huwaona wageni wakipita. Magari yao ni ya namna ya pekee. Mengine yamebeba mahema yaliyokunjwa juu ya paa. Mengine yana kitanda, jiko na tangi la maji humo humo ndani, hata mwenye gari akaweza kulala popote jua litakapomchwea. Watoto wetu huwapungia mikono, kisha hurejea nyumbani na swali ambalo kwa miaka mingi tulilikwepa: "Mbona sisi hatuendi?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mji wetu umekaa juu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo watawala wa Kiingereza waliitazamia iunganishe Cape Town na Cairo. Ukielekea kaskazini, takriban kilomita 170, utafika Jiji la Arusha. Ukielekea kusini, takriban kilomita 250, utafika Dodoma, makao makuu ya nchi. Katikati ya miji hiyo miwili imo nyika kame ya mibuyu na miiba, imo Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na imo michoro ya mapangoni ya Kolo. Watu huvuka bahari kuja kuyaona hayo. Sisi tuliozaliwa jirani nayo tunazeeka bila ya kuyaona.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa waliozeeka hivyo. Mwaka 2017 tulikuwa tumekwisha kupanga kumpeleka Tarangire kwa fedha za mbaazi. Mwaka huo India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliwekea mipaka uagizaji wake, na bei ikaanguka hadi wengine wakaacha mavuno shambani. Tukasema: mwakani. Mwakani tukasema tena: mwakani. Mwaka 2019 tulimzika. Amebaki mama yetu, ambaye nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Bibi. Miguu yake haina nguvu tena, na sukari humsumbua. Safari hii hatukutaka kusema mwakani.

Tunayaandika haya tukiwa bado hatujatoka. Tumekaa vikao vinne juu ya mkeka mmoja, na tumejifunza kwamba matayarisho yenyewe ni malezi. Huenda yaliyotupata yakamfaa msomaji mwenye mzee wake nyumbani.

Fedha huja Septemba, likizo huja Juni

Fundo la kwanza lilikuwa la wakati. Mbaazi huvunwa Agosti na Septemba, ndipo fedha hupatikana. Watoto hufunga shule kwa muda mrefu mwezi Juni na Desemba. Desemba mvua za vuli huwa zimekwisha kuanza, njia za ndani ya hifadhi huteleza, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Juni na Julai nchi hukauka, na makundi huanza kuusogelea mto Tarangire, ambao hubaki na maji wakati vijito vingine vimekauka. Kwa hiyo ilitupasa kuvuna Septemba na kusafiri Juni, na kuzilinda fedha kwa miezi tisa.

Asiyejua ugumu wa jambo hilo hajapata kukaa na fedha nyumbani. Kuna ada, kuna harusi, kuna mgonjwa. Tulikubaliana kwamba fedha za safari zikae kwa dada yetu mkubwa, ambaye watoto humwita Shangazi, na kwamba hazitatolewa ila kwa kauli ya watu wawili. Mara mbili zilipunguzwa, zote kwa ajili ya dawa za Bibi, na mara zote mbili zilirudishwa. Tulikubaliana pia kwamba hatutakopa hata shilingi. Safari ya matembezi isiyowezekana bila ya deni ni bora ingoje.

Usiku wa uani

Fundo la pili lilikuwa gari. Vijana walitaka safari ya kizungu: tulale ndani ya gari, tupike kando ya njia. Mjomba wa watoto alijitolea Noah yake, nasi tukaona kwamba viti vya nyuma vikilazwa na godoro likatandikwa, tutakuwa na nyumba ya magurudumu. Shangazi akatoa shauri la busara: "Kabla ya kulala porini, tulale uani."

Tukalala uani, usiku wa Jumamosi moja, kuku wakitushangaa. Kabla ya saa sita tulikuwa tumejua mambo matatu. Watu saba hawaenei. Kizingiti cha mlango wa gari ni kirefu kwa miguu ya Bibi, asiweze kuupanda bila ya kigoda. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote: Bibi huamka mara tatu au nne kwenda haja, na kila mara ilibidi watu wawili wamsindikize kwa tochi. Uani kwetu hilo ni jepesi. Ndani ya hifadhi, ambako kambi hazina uzio na tembo au simba wanaweza kupita usiku, ni jambo la hatari.

Vijana walinyamaza. Tulitarajia manung'uniko, lakini mjukuu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa ameililia hema kuliko wote, ndiye aliyesema, "Basi tulale kwa ndugu." Hivyo Noah itakuwa pahala pa Bibi kujinyoosha mchana, kiti kimoja kikilazwa na mto ukiwekwa, na usiku tutalala chini ya paa: Arusha na Dodoma kwa jamaa zetu, Kondoa katika nyumba ya wageni. Hema limebaki uani, na watoto wamekwisha kulifanya lao.

Mwenye usukani na mwenye saa

Fundo la tatu lilikuwa mwendo. Miaka miwili iliyopita tulirudi usiku kutoka maziko Arusha. Kaka yetu aliendesha tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Tulipofika upande wa Minjingu, kwenye mapito ya wanyama baina ya Tarangire na Ziwa Manyara, kundi la pundamilia lilikatiza barabara. Gari lilisimama hatua chache tu mbele yao. Hakuna aliyeumia, lakini Bibi, aliyekuwa kiti cha nyuma, hakusema neno mpaka nyumbani.

Safari hii tumeweka sharti: jua likizama tuwe tumefika. Na kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe kiongozi, nasi tumemteua kaka wa pili, asiyeendesha. Mwenye usukani ana usukani, mwenye saa ana saa. Kila baada ya saa mbili gari litasimama, hata kama dereva anasema hajachoka, na hasa akisema hajachoka. Tumekagua breki, tairi ya akiba, jeki, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za tahadhari na bima. Vijijini, mwendo hautazidi kilomita 50 kwa saa, awepo askari au asiwepo.

Njia mbili, nyumba katikati

Kukaa katikati ya barabara kuna neema yake. Tumeigawa safari mara mbili, na Nangara itakuwa kituo cha kupumzikia.

Sehemu ya kwanza ni ya kaskazini. Tutatoka baada ya Swala ya Alfajiri, tupite Magugu, ambako tutanunua mchele wa kuwapelekea wenyeji wetu, kisha Minjingu, na asubuhi tuwe langoni Tarangire. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850. Fedha taslimu hazipokewi langoni. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba au kwa kadi. Kiwango cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni wa mbali, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Msomaji aulize viwango vya wakati huo kabla ya kutoka, na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Saa nane mchana tutatoka hifadhini ili tuingie Arusha kabla ya Magharibi. Baada ya siku mbili tutarudi Nangara, tupumzike siku moja. Hapo Bibi ataamua kama anaendelea au anabaki, na hakuna atakayemshurutisha.

Bibi alikulia upande wa Magugu, na tangu utotoni amewajua tembo kwa nyayo zao shambani. Tulimwuliza anataka kuona nini hasa. Akasema, "Wao walikuja kwetu bila ya kualikwa. Nataka mara moja niwaone wakiwa kwao."

Nguo, maji na Swala

Kina mama wazingatie jambo ambalo wengi hawalijui. Tarangire kuna mbung'o, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Baibui jeusi, lenye heshima yake kote, huko huwa ni mwaliko. Sisi tumeshona majuba na mitandio ya rangi ya mchanga: sitara ni ile ile, na mdudu hana pa kutua kwa furaha.

Chakula tutafunga katika vyombo na vitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Penye meza za kulia, mkono mmoja uwe juu ya chakula, maana tumbili hawabishi hodi. Dawa za Bibi zitakaa katika mfuko wa Shangazi, pamoja na glukosi na kitu cha kutafuna kila saa, na si chini ya mizigo.

Maji ya kunywa yatakuwa mbali na ya udhu. Madumu mawili ya lita 20 yatatosha kwa udhu na haja. Kuhusu Swala, tulimwuliza imamu wa msikiti wetu. Alitueleza kwamba Tarangire peke yake haifikii umbali wa kilomita 80 na ushei unaomruhusu msafiri kupunguza, lakini kwa kuwa makusudio yetu ni Arusha, ruhusa ipo tangu tutakapoyaacha makazi ya mji wetu. Dhuhuri na Alasiri tutazikusanya karibu na lango, mahali panaporuhusiwa kushuka garini. Siku ya kupumzika Nangara tutaswali kamili, kwa kuwa tutakuwa nyumbani. Watoto wamejifunza kwamba kwetu kibla ni kaskazini, kwa kuinama kidogo mashariki, na wamepewa kazi ya kukitafuta kila kituo.

Nchi iliyoponywa

Sehemu ya pili ni ya kusini. Kabla ya lami kukamilika mwaka 2018, njia ya Kondoa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Sasa tutapita Bonga na Bereko hadi Kolo, ambako huchukuliwa mwongozaji wa kwenda kwenye michoro iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kilima ni kikali, na Bibi hatakiweza. Kwa hiyo yeye na Shangazi watabaki kivulini, na kila mjukuu atapanda na karatasi na penseli, achore alichokiona mwambani, amletee. Bibi amesema atatoa zawadi kwa atakayemchora twiga asiyefanana na mbuzi.

Kondoa ina somo jingine. Miongo mitano iliyopita, vilima vyake vilikuwa vimeliwa na makorongo, na nchi ikielekea kuwa jangwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Yalikuwa maumivu kwa wafugaji, lakini nyasi na miti vilirejea. Tunataka watoto waone kwa macho yao kwamba ardhi iliyoumizwa huweza kupona ikipewa nafasi. Baada ya usiku mmoja hapo, tutaendelea hadi Dodoma, tuswali katika Msikiti wa Gaddafi, tule zabibu, na kurudi Nangara mchana kweupe.

Ratiba yote imeandikwa kwa kalamu ya wino na kubandikwa ukutani karibu na mlango. Jana usiku Bibi alimwita mjukuu amsomee tangu mwanzo. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kigoda cha kupandia garini kimeandikwa wapi. Hakikuwa kimeandikwa. Sasa kimeandikwa, nacho ndicho cha kwanza katika orodha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kwenda na kurudi salama, sisi na kila msafiri. Na msomaji aliye na mzee anayengoja mwakani, tunamwomba akae naye jioni hii na amwulize angependa kuona nini.