Mawazo Yanayocheuliwa

Mbuzi akijilaza chini ya mkorosho huko Rondo, mkoani Lindi, taya hazitulii. Anacheua: majani aliyokwisha kuyameza anayarudisha kinywani na kuyatafuna upya. Binadamu naye hucheua mawazo, ila yake hayameng'enyiki.

Chukua mkulima ambaye ugonjwa wa ubwiriunga umeshambulia maua ya mikorosho yake, na deni la salfa ya kuupulizia liko palepale. Mchana anajiuliza, "Nimwone nani? Nilipe lini?" Huko ni kufikiri. Saa nane za usiku swali hugeuka: "Kwa nini mimi? Nina mkosi gani?" Hili halina jibu, kwa hiyo hulirudia mpaka alfajiri. Majirani wakimwona amekonda watasema "ana mawazo", na hapo Kiswahili chetu hutuangusha kidogo: neno moja, hali mbili.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alieleza kwamba kucheua kwa namna hiyo hurefusha sonona. Mwanasaikolojia mwenzake, Rory O'Connor wa Glasgow, anaendelea kutoka hapo: aliyeshindwa au kuaibika hujiona amenaswa, na wazo la kujiua huja likijifanya mlango wa kutokea. Kadiri anavyocheua, ndivyo anavyosahau shida alizowahi kuzivuka. Wengi wanaowaza sana hawafiki huko, na hata waliofika, wimbi hilo huja na kupita.

Kumwambia "acha mawazo" ni kumwongezea wazo jingine: hata kuacha nimeshindwa. Washona wa Zimbabwe huiita hali hii ya kuwaza mno kufungisisa. Huko, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina bibi kukaa benchini na wenye kuelemewa, wakachagua tatizo moja tu na kulitafutia hatua moja. Matokeo ya jaribio la mbinu hiyo yaliyochapishwa 2016 yalionesha dalili zikipungua, mawazo ya kujiua yakiwemo.

Kwetu Tanzania watu hunyamaza, na kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinaongeza woga. Lakini kumuuliza mtu waziwazi, "Umewahi kuwaza kujiua?" hakumpandikizii wazo. Muulize. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa vitu vya hatari karibu naye, umsindikize kituo cha afya. Na kama anayekesha ni wewe, mwamshe mtu usiku huuhuu.