Breki Zisizolingana ni Adui Ndani ya Gari

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba silaha isiyotunzwa humsaliti mwenyewe. Somo hilo lahusu gari pia. Gari lisiloweza kusimama sawasawa ni hatari kwa dereva, kwa abiria wake na kwa mwananchi apitaye kando ya njia.

Mwandishi wa makala haya alilishuhudia jambo hilo katika Land Rover kuukuu ya sajini mmoja mstaafu wa huko Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya Series IIA, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1961, nayo ina urefu wa inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Magari ya namna hiyo yalitumikia majeshi na polisi kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki, na baadhi yake yangali barabarani.

Siku moja mzee huyo alikuwa akiteremka Kanaba kuelekea Kisoro, wajukuu wake wanne wakiwa nyuma. Alipokanyaga breki, gari lilivuta kwa nguvu upande wa kulia, yaani upande wa magari yanayokuja. Bahati njema, njia ilikuwa tupu. Fundi wa kwanza alimshauri akaze breki ya kushoto ili nguvu zilingane. Mzee alikataa.

"Kijana," alisema, "mguu mfupi haurefuki kwa kukaza kamba za kiatu. Fungua magurudumu yote mawili ya mbele, tuone."

Walipofungua, siri ilifichuka. Upande wa kulia palikuwa na breki halisi ya gari hilo: dramu ya inchi 11, na silinda mbili, kila kiatu na silinda yake. Upande wa kushoto palifungwa breki ya Land Rover fupi ya inchi 88: dramu ya inchi 10 na silinda moja tu. Bolti zilikubali, basi aliyeifunga akaridhika. Lakini, ndugu askari, kipuri kuingia si kufaa.

Tofauti hiyo si ya ukubwa peke yake. Dramu inapozunguka, hukivuta kiatu kinachotangulia na kukikandamiza zaidi, hivyo nguvu yake huongezeka. Kiatu kinachofuata husukumwa mbali na dramu, nacho hushika kidogo. Katika breki ya mbele ya inchi 11, viatu vyote viwili hutangulia gari likienda mbele. Katika ile ya silinda moja, kimoja hutangulia na kingine hufuata. Basi mguu wa dereva ulikuwa mmoja, lakini magurudumu yalipokea amri mbili.

Mzee aliagiza breki kamili ya inchi 11 kwa upande wa kushoto, na viatu vipya kwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo kanuni: viatu, springi na layini hubadilishwa kwa jozi katika ekseli moja. Dramu nazo hupimwa, kwa maana iliyochongwa mno upande mmoja hurudisha ugonjwa ule ule.

Kabla ya kuinua gari, ikumbukwe kwamba breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu, bali hushika shafti iendayo nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na gari laweza kuondoka juu ya jeki ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hiyo hapana budi kuyazuia kwa magogo magurudumu yaliyobaki chini, na kuitegemeza chesi kwa stendi imara.

Vumbi la breki kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Layini nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Lilowanishwe kwa maji, kisha lipanguswe.

Viatu vikiisha kufungwa, kila kimoja cha mbele hurekebishwa peke yake: kisogezwe mpaka kiiguse dramu, kisha kilegezwe kidogo gurudumu lizunguke huru. Hewa yote itolewe katika mabomba. Mafuta ya breki yaliyokwisha kutolewa yasirudishwe, na oili ya injini isitiwe kamwe, kwa kuwa huvimbisha mipira ya silinda.

Jaribio la mwisho lilifanyika uwanjani, mahali tambarare pasipo watu, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa wastani. Gari lilisimama likiwa limenyooka, na alama za matairi zilikuwa sawa kushoto na kulia. Hapo ndipo mzee alipowaita wajukuu wapande.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Dereva wa jeshi au polisi anayehisi gari lake likivuta upande mmoja asijifunze kulishinda kwa usukani. Aliandike katika kitabu cha gari, aliegeshe, na asikubali kulitoa tena mpaka magurudumu yote mawili yamefunguliwa mbele ya macho yake.