Lugha ya Mgonjwa na Lugha ya Zahanati: Mfano wa Nyansurura, Mkoani Mara

Utambuzi wa ugonjwa huanza kwa maneno. Kabla ya tabibu kupima joto au damu, mgonjwa hana budi kueleza kinachomuuma, kimeanza lini na humjia vipi. Mhadhara huu unachunguza mahitaji ya lugha ya mgonjwa katika mazingira kama ya Nyansurura, eneo la Tarime na Serengeti, ambako Kikurya, Kingoreme na lugha nyingine za Mara huzungumzwa sambamba na Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kuenea kwa Kiswahili hakujaondoa tatizo la mawasiliano ya tiba, kumelihamisha tu.

Mara nyingi mazungumzo ya zahanati hupitia lugha tatu. Mgonjwa huyawaza maumivu yake kwa lugha ya nyumbani na kuyasimulia kwa Kiswahili. Naye tabibu, aliyefunzwa kwa Kiingereza, huyaandika kwa Kiingereza. Wanaoumia zaidi ni wazee ambao hawakupata shule, pamoja na watoto wachanga wanaosemewa nao.

Tatizo la kwanza ni la kiisimu. Kikurya kina irabu saba na ni lugha ya toni. Watafiti wameonyesha kwamba njeo za kitenzi hutofautishwa pia kwa mahali toni ya juu inapoanzia katika shina: mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kiswahili kina irabu tano na hakina mfumo huo. Kwa hiyo mhudumu mgeni aliyeokota maneno machache ya Kikurya anaweza kuelewa kwamba bibi anazungumzia kutapika kwa mjukuu, asijue kama mtoto ametapika sasa hivi, alitapika juzi au hutapika kila mara. Katika tiba, tofauti hiyo si suala la sarufi pekee.

Tatizo la pili ni la maana, nalo halimwachi hata mzawa wa Kiswahili. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1996 kuhusu Bagamoyo zilibainisha kwamba wazazi walitenganisha homa ya malaria na degedege. Degedege ilihusishwa na pepo mwenye umbo la ndege, na mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, ilhali kitabibu hali hiyo yaweza kuwa dalili ya malaria kali. Ujumbe uliotaja malaria peke yake, hata ukiwa katika Kiswahili fasaha, haukumfikia mama aliyeamini kwamba mwanawe ana ugonjwa mwingine.

Tatizo la tatu limo katika maelekezo ya dawa. Alama "1x3" husomwa "kidonge kimoja, kutwa mara tatu". Kwa asili kutwa ni mchana mzima hadi jua lichwe. Usiku una neno lake, kucha. Anayeshika maana hiyo atameza vidonge vyote mchana, hata kama dawa ilikusudiwa kila baada ya saa 8.

Kamusi ya Tiba ya TUKI, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni msaada mkubwa kwa mtaalamu, lakini haimfikii asiyesoma. Badala yake huitwa mkalimani wa dharura: mtoto, jirani au mkwe. Heshima ya wakwe inapomzuia mkaza mwana kutaja viungo fulani vya mwili wa baba mkwe wake, ugonjwa hubaki bila jina.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuandaa wahudumu 137,294 katika miaka mitano, unatoa nafasi ya kurekebisha hali hii. Mhudumu anayeishi na watu wake anaijua lugha yao. Kinachohitajika ni kumfunza ukalimani na utunzaji wa siri, na kumpa orodha ya maneno ya maradhi iliyokusanywa kwa wazee wenyewe. Tabibu naye amwombe kila mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe. Kazi ya mwanaisimu ni kuiandaa orodha hiyo pamoja na matabibu, kwani Kiswahili kitaunganisha taifa vyema zaidi kikimsikiliza pia asiyekimudu.