Serikali 14 zinavyomtatiza mwekezaji nchini Bosnia

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo yaafiki hali ilivyo katika Bosnia na Herzegovina, nchi ndogo ya eneo la Balkani ambayo, kwa mujibu wa sensa ya 2013, ina watu wapatao milioni 3.5 lakini inatawaliwa na serikali 14. Mwekezaji anayewasili katika mji mkuu wa Sarajevo hupata kodi nafuu na sarafu thabiti. Linalomtatiza ni kumtambua aliye na kauli ya mwisho.

Chimbuko la mfumo huo ni vita vilivyozuka 1992, wakati Yugoslavia ilipokuwa ikisambaratika. Watu wapatao 100,000 walipoteza maisha. Mnamo Novemba 1995, viongozi wa pande husika waliafikiana mjini Dayton, Marekani, na mkataba ukatiwa saini rasmi jijini Paris mnamo Desemba 14 mwaka huo. Katiba ya nchi hiyo ni kiambatisho cha nne cha mkataba huo. Kwa hivyo, katiba hiyo ilitungwa kwanza ili kunyamazisha bunduki, wala si kurahisisha biashara.

Mkataba huo uliigawa nchi katika maeneo mawili yenye mamlaka makubwa. La kwanza ni Shirikisho la Bosnia na Herzegovina, lenye asilimia 51 ya ardhi, ambako wakazi wengi ni Wabosniaki na Wakroatia. La pili ni Republika Srpska, lenye asilimia 49, ambako wengi ni Waserbia. Shirikisho nalo limegawanywa katika majimbo madogo 10 yaitwayo kantoni, kila moja likiwa na serikali na bunge lake. Aidha, kuna wilaya ya Brčko inayojitawala. Ukijumlisha serikali hizo pamoja na ile ya taifa, utapata 14.

Katika ngazi ya taifa, hakuna rais mmoja. Kuna Urais wa watu watatu, yaani Mbosniaki, Mkroatia na Mserbia, ambao huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne na kupokezana uenyekiti kila baada ya miezi minane. Bunge lina mabaraza mawili, la wajumbe 42 na la wajumbe 15. Katika hili la pili, kila jamii ina wajumbe watano, na kikao hakiwezi kufanyika bila angalau watatu kutoka kila jamii. Maana yake ni kwamba wajumbe watatu tu wa jamii moja wakisusia, shughuli husimama.

Juu ya hao wote yupo Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, ambaye tangu Desemba 1997 alipewa uwezo wa kutangaza sheria na kuwafuta kazi viongozi wanaokiuka mkataba.

Mfumo huu una gharama hata kwa raia. Mnamo Desemba 2009, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba katiba hiyo inawabagua Dervo Sejdić, ambaye ni Mroma, na Jakob Finci, ambaye ni Myahudi, kwa kuwazuia kuwania nyadhifa za juu kwa sababu si wa jamii tatu zilizotajwa. Miaka mingi ilipita baada ya uamuzi huo bila katiba kurekebishwa.

Kwa upande wa uwekezaji, sheria iliyopitishwa 1998 inawapa wageni haki sawa na wenyeji na kuwaruhusu kuhamisha faida yao nje ya nchi. Kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 10 katika maeneo yote mawili. Isitoshe, mkataba na Umoja wa Ulaya ulioanza kutekelezwa Juni 2015 unafungulia bidhaa nyingi za nchi hiyo soko la Ulaya.

Hata hivyo, anayetaka kujenga bwawa la umeme au kuchimba madini hukumbana na sheria za ngazi mbalimbali, kuanzia taifa hadi kantoni. Suala la ardhi nalo ni kitendawili. Mnamo Machi 2005, Mwakilishi Mkuu alipiga marufuku uuzaji wa mali ya dola hadi itungwe sheria ya kuamua ni nani mmiliki wake, taifa au maeneo mawili. Marufuku hiyo ilikusudiwa iwe ya muda, lakini wanasiasa walivutana kwa takriban miongo miwili bila kuafikiana.

Mivutano hiyo imewahi kuikosesha nchi fedha. Umoja wa Ulaya ulipotenga Euro bilioni 6 kwa mataifa sita ya Balkani Magharibi, mipango ya mageuzi ya mataifa matano iliidhinishwa Oktoba 2024. Uliokosekana ni wa Bosnia, kwani viongozi wake hawakuwa wameafikiana. Mapema mwaka uliofuata, Milorad Dodik, aliyekuwa rais wa Republika Srpska, alihukumiwa kwa kukaidi maamuzi ya Mwakilishi Mkuu, na taharuki ikatanda upya.

Je, kosa ni la mgawanyo wa madaraka wenyewe? Si lazima. Zipo taasisi za pamoja zilizofaulu. Benki Kuu ilianza kazi Agosti 1997, na sarafu ya mark imefungamanishwa na Euro kwa kiwango kisichobadilika cha mark 1.95583 kwa Euro moja. Sheria huitaka benki hiyo iwe na akiba ya kigeni ya kutosha kudhamini fedha inazotoa, hivyo mwanasiasa hawezi kuiagiza ichapishe noti apendavyo. Kadhalika, ushuru wa VAT wa asilimia 17 ulianza kutozwa nchi nzima Januari 2006, ukikusanywa na mamlaka moja yenye makao yake makuu mjini Banja Luka, katika Republika Srpska.

Taasisi hizo mbili hazikuzifuta jamii tatu wala kuvunja amani. Zilichofanya ni kuweka kanuni moja mahali ambapo kila upande ungekuwa na yake. Bosnia, iliyopewa hadhi ya mgombea wa uanachama wa Umoja wa Ulaya Desemba 2022, itahitaji kanuni za namna hiyo katika ardhi, kawi na vibali vya biashara. Vinginevyo, vijana wake wataendelea kufunga virago kwenda Ujerumani na Austria, na mkataba uliowaokoa wazazi wao na mauti utakuwa umeshindwa kuwapa riziki.