Rimu za kung'aa au za kubeba mzigo? Fikiri kabla ya kufungua mkoba

JE, msomaji mpenzi, una kijana nyumbani aliyenunua pikipiki juzi tu na tayari hayapendi magurudumu yake? Usishangae. Maradhi hayo hayachagui mji. Kule Marekani, wenye zile pikipiki kubwa za kiti cha chini na usukani mpana, mithili ya Harley-Davidson zilizoanza kuundwa mjini Milwaukee mwaka wa 1903, huchagua magurudumu kama bwana harusi achaguavyo suti. Huyu ataka ya waya, yule ya kumiminwa. Huyu ataka kromu ya kujitazamia uso, yule ataka meusi tititi.

Sasa vuka daraja la mto Tana uingie Garissa, kisha uelekee mtaa wa Galbet. Pikipiki kubwa za starehe hutaziona huko kwa urahisi. Utakazoziona ni Boxer na TVS za bodaboda, lakini hamu ni ile ile: kijana akipata senti mbili tatu za ziada, jicho lake la kwanza huliangukia gurudumu. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani huendesha Jumapili kupunga upepo, ilhali huyu wa Galbet gurudumu ndilo limpalo unga, sukari na karo ya watoto. Akikosea kuchagua, hatachekwa na marafiki tu. Atalala njaa, au abiria wake atalala hospitalini.

Tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka wa 2008, vyombo hivi vimeenea kote nchini, na kaskazini mashariki haikuachwa nyuma. Sheria yaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva, lakini nani asiyejua yanayobebwa? Madebe ya maziwa ya ngamia, mitungi ya maji, magunia, godoro, hata mbuzi. Lami ipo, ila ukiiacha mita chache tu waingia kwenye mchanga, na ndani ya mchanga mna miiba.

Hebu tuanze na magurudumu yenyewe. Aina ya kwanza ni ya spoki, zile njiti za chuma ambazo kwa kawaida huwa 36, zilizofungwa kutoka kitovuni hadi kwenye rimu. Watu wengi hudhani njiti za chini ndizo zinazobeba uzito kama miguu ya meza. La. Nguvu ya gurudumu hili ni kuwa njiti zote zimevutwa kwa pamoja, kama kamba za hema. Likipiga shimo, hulegea kidogo, hunesa, kisha hurudi. Njiti moja ikikatika, fundi aliyeketi chini ya mti huichomoa na kutia nyingine, kisha hulizungusha gurudumu na kulinyoosha kwa jicho na spana. Rimu yenyewe ikipinda kidogo, bado hunyoosheka.

Aina ya pili ni ya alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambayo vijana wengi huiita rimu ya spoti. Ina miguu mitano au sita minene, haina njiti za kukaza, na kwa kweli hupendeza macho. Kwenye lami nzuri husimama imara miezi na miezi bila kuguswa. Lakini alumini ya kumiminwa haina uvumilivu wa chuma. Ikipigwa sana hupasuka, na ufa wake huanza kama unywele karibu na kitovu. Msomaji, ukiambiwa ufa huo waweza kuchomelewa, ondoka dukani. Moto wa kuchomelea huulainisha ule ugumu uliotiwa kiwandani, na mahali palipochomelewa ndipo patakapokatika siku ukiwa na mtu nyuma.

Mpaka hapo wadhani spoki imeshinda. Subiri kwanza, kwani kuna mathenge.

Mathenge ni mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa lisienee. Ulizuia jangwa na ukazuia mengine mengi. Ndio huo huo uliowapeleka wafugaji wa Baringo mahakamani katika miaka ya 2000, wakilalamika kuwa maganda yake yanawang'oa mbuzi wao meno. Mwiba wake hutoboa ndara, seuze tairi. Gurudumu la kawaida la spoki haliwezi kuzuia upepo peke yake, maana lina tundu kila mahali njiti inapoingia. Ni lazima liwe na tyubu. Mwiba ukiigusa tyubu, upepo huondoka mara moja kupitia matundu hayo, na dereva aliye mbioni huanza kuyumba kama mlevi. Rimu ya spoti iliyoundwa kwa tairi lisilo na tyubu ina nafuu kubwa hapo. Mwiba hubaki umejiziba palepale, upepo huvuja polepole, na fundi hutia kizibo bila hata kulifungua gurudumu. Ila hakikisha rimu imeandikwa kuwa ni ya tairi lisilo na tyubu, maana si kila rimu ya spoti ni ya namna hiyo. Aidha, ukingo wake ukipindwa na shimo, huanza kuvuja usijue ni wapi.

Basi mtu achague ipi? Kwa maoni yangu, anayebeba mizigo na kuingia vijiji vya mchangani abaki na spoki, atie tairi lenye ngozi nene na abebe kiraka na pampu. Anayezunguka na abiria mmoja mmoja kwenye lami ya mjini anaweza kununua ya spoti bila kulaumiwa. Gurudumu la nyuma ndilo hupokea sehemu kubwa ya mzigo, kwa hivyo likiwa na shaka, usijaribu kubana matumizi hapo.

Ukiamua kubadili, usiende dukani na picha kwenye simu pekee. Enda na gurudumu lako la zamani. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia rimu ya inchi 17 mbele na nyuma, lakini inchi hizo kulingana si hoja ya kutosha. Pima ekseli, upana wa kitovu, kikombe cha breki na mahali meno ya cheni yanapokaa. Kuna mafundi wanaolazimisha kwa kujaza washa hapa na pale mpaka gurudumu likae. Litakaa, naam, lakini cheni itakwenda upande na breki itashika nusu. Na anayetamani tairi pana kama la Harley ajue kuwa litasugua uma wa nyuma na kuipa injini ndogo mzigo usiokuwa wake.

Tuje kwenye urembo. Kromu inayoonekana ni utando mwembamba mno uliolazwa juu ya nikeli, na nikeli ndiyo hasa hukinga kutu. Garissa ni nchi kavu, hivyo kromu hudumu kuliko Mombasa au Lamu, ambako hewa ya chumvi huitoboa vijitundu mapema. Adui wake Garissa ni mchanga. Kuifuta rimu kwa kitambaa kikavu chenye vumbi ni kuipiga msasa. Mwagia maji kwanza. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri huvumilia mikwaruzo kuliko ya kupuliziwa kando ya barabara. Na usikubali asidi ya aina yoyote ipakwe kwenye alumini eti ing'ae, kwani huila.

Wakati wa mafuriko, kama yale ya mwaka wa 2023 na 2024 yaliyokata barabara kati ya Madogo na Garissa, matope huingia hadi ndani ya breki na kukaa kwenye mizizi ya njiti. Hapo hakuna rangi wala kromu itakayokuokoa usipoosha siku hiyo hiyo.

Wahenga waliuimba uzuri wa mkakasi, na rangi nyeusi mpya juu ya rimu kuukuu ni mkakasi kamili. Huficha ufa, huficha kutu, huficha mahali palipochomelewa. Anayenunua rimu ya mitumba aikwangue rangi kidogo karibu na kitovu mbele ya muuzaji. Muuzaji akikasirika, umepata jibu lako.

Kwa mwenye spoki, kuna kipimo kisichogharimu hata senti. Inua gurudumu, lizungushe polepole, gonga kila njiti kwa spana ndogo na usikilize. Iliyokazwa hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya kigae. Gurudumu lililofungwa upya lifanyiwe hivyo baada ya siku chache za kwanza, kwani njiti mpya hulegea zikijipanga, kisha kila wiki mbili. Kazi yenyewe haichukui dakika tano, na hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya baba yake akinywa chai.